Kimondo cha Ivuna na Adabu ya Kutilia Shaka

Wengi wetu tukisikia neno "kimondo" hulikumbuka jiwe kubwa la chuma lililoko Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania. Lakini katika mkoa huohuo wa Songwe kuna jina jingine ambalo wataalamu wa vimondo hulitaja mara nyingi zaidi, nalo ni Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938, Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza, jiwe jeusi lilianguka huko kutoka angani. Vipande vilivyohifadhiwa vina uzito wa takriban gramu 700 tu, mzigo ambao mtoto angeubeba kwa mkono mmoja. Hata hivyo, kundi zima la vimondo adimu vyenye kaboni na maji mengi limepewa jina la Ivuna. Miaka 23 baada ya kuanguka, jiwe hilo lilitajwa katika mabishano makali: je, ndani ya vimondo mna visukuku vya viumbe wasio wa dunia yetu?

Kisukuku, kama ujuavyo mwanafunzi, ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ndani ya mwamba. Mnamo Novemba 1961, George Claus na Bartholomew Nagy, waliokuwa wakifanya kazi mjini New York, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameona kwa hadubini chembe ndogo mno ndani ya vimondo viwili. Kimoja kilikuwa cha Ivuna. Kingine kilikuwa cha Orgueil, kilichoanguka kusini mwa Ufaransa tarehe 14 Mei 1864. Baadhi ya chembe hizo zilifanana na mwani uliogeuka kisukuku. Wataalamu hao hawakuwa walaghai. Walieleza njia waliyoitumia, wakachora na kupiga picha walichokiona, kisha wakaweka yote hayo mbele ya wenzao.

Wenzao hawakuchelewa kujibu. Mwaka uliofuata, Frank Fitch na Edward Anders wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na wenzao, walichunguza upya vimondo vya aina hiyo. Chembe nyingi za duara ziligeuka kuwa punje za madini tu. Aina moja, yenye umbo la pembe nyingi na ya kustaajabisha kuliko zote, ilikuwa jambo jingine kabisa. Fitch na Anders walichukua chavua ya gugu linaloota kwa wingi Marekani, ambalo hupeperusha chavua hewani na kuwaletea watu mafua ya mzio, wakaipaka rangi ileile inayotumiwa maabara kupaka sampuli za hadubini. Chavua ilibadilika umbo, ikafanana sana na ile chembe ya ajabu. Kilichodhaniwa kuwa mgeni kutoka anga za mbali kilikuwa vumbi la mimea ya jirani, lililoingia kwenye jiwe baada ya jiwe kufika duniani.

Uchunguzi huo ulifichua jambo lingine ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta. Anders na wenzake walipata kipande cha kimondo cha Orgueil kilichokuwa kimehifadhiwa ndani ya chupa katika jumba la makumbusho la Montauban tangu 1864. Walipokifungua walikuta ndani yake mbegu ya mmea unaoota kwenye majimaji, vipande vya mimea na makaa ya mawe, na gundi. Haya hayakuwa matokeo ya uzembe. Mtu alikuwa amelilowesha jiwe hilo laini, akalipachika vitu hivyo, kisha akalifunika kwa gundi ili lionekane zima. Habari hizo zilichapishwa katika jarida la Science mnamo Novemba 1964. Kipande hicho hakikuwa kile walichokichunguza Claus na Nagy, na hakuna aliyewatuhumu kwa hila hiyo.

Kwa nini mtu wa 1864 afanye hivyo? Tarehe 7 Aprili mwaka huo, majuma matano tu kabla ya jiwe kuanguka, Louis Pasteur alikuwa ametoa hotuba mashuhuri huko Sorbonne, Paris, akipinga imani kwamba uhai huweza kuzuka wenyewe kutoka kwenye vitu visivyo na uhai. Ufaransa nzima ilikuwa ikijadili suala hilo. Anders na wenzake walikisia kwamba mtegaji alitaka kuuchochea mjadala huo, au kuwacheka waliomo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mwongo wa Orgueil alienda karibu miaka mia moja bila kukamatwa. Hakulindwa na werevu wake. Alilindwa na ukweli kwamba hakuna aliyeifungua chupa. Uongo huo ulikamatwa siku watu walipokuwa wakihakiki dai jingine, tena lililotolewa kwa nia njema.

Mabishano yalirudi kwa kishindo mnamo Agosti 1996. Safari hii jiwe lilitoka Mirihi. Ni kimondo cha kilo mbili hivi, kilichookotwa kwenye barafu ya Antaktika mwaka 1984 na kupewa jina la ALH84001. David McKay wa NASA na wenzake walisema kwamba jiwe hilo lina kemikali, madini ya sumaku na maumbo kama vijidudu virefu ambavyo, vikitazamwa kwa pamoja, vyaweza kuwa dalili za uhai wa kale. Rais Bill Clinton aliizungumzia habari hiyo hadharani. Lakini katika mkutano uleule wa NASA na waandishi wa habari alialikwa pia William Schopf, mtaalamu wa visukuku vya viumbe wadogo, naye akaeleza mbele ya kamera kwa nini ushahidi huo haukumtosheleza. Katika miaka iliyofuata, tafiti zilionyesha kwamba kila mojawapo ya dalili hizo yaweza kutokea bila uhai. Maumbo mengi yale yalikuwa madogo mno kuweza kubeba vitu ambavyo seli huvihitaji ili iishi.

Je, historia hii inatufunza kwamba wenye shaka ni watu wa kubomoa tu? La. Mwaka 2001 watafiti walithibitisha kwamba vimondo vya Ivuna na Orgueil vina asidi amino zilizoundwa huko angani. Asidi amino ni matofali ya kujengea protini, lakini matofali si nyumba. Kwa kuwa watangulizi wao walijifunza kutenganisha uchafu wa dunia na kilicho cha jiwe lenyewe, watafiti hao waliweza kulisema jambo hilo kwa ujasiri.

Tahadhari hiyo ingali inahitajika. Mnamo Desemba 2020 chombo cha Kijapani, Hayabusa2, kilileta duniani gramu tano na ushei za mawe kutoka asteroidi Ryugu, nayo yakaonekana kufanana sana na kundi la Ivuna. Mwaka 2024 watafiti nchini Uingereza waliripoti kwamba juu ya punje moja ya Ryugu kulikuwa na nyuzinyuzi zenye umbo la bakteria. Walizihesabu mara kadhaa, wakaona zinaongezeka kisha zinapungua, kama lifanyavyo kundi la bakteria linalokua na kufa. Wakahitimisha kwamba ni bakteria wa duniani, walioivamia punje hiyo baada ya kukutana na hewa yetu.

Katika Kiswahili tuna maneno matatu yanayofaa kutenganishwa. Kukana ni kulikataa jambo kabla ya kulitazama. Kuamini upesi ni kulipokea kabla ya kulitazama. Kuhakiki ni kulitazama kwanza, tena kwa kuuliza: Kitu hiki kiliingiaje humu? Je, chaweza kutokea kwa njia ya kawaida zaidi? Ni nani mwingine amekichunguza, naye ameona nini? Maswali hayo yanatufaa pia mbele ya picha inayosambazwa kwenye simu, uvumi wa sokoni na ahadi za jukwaani. Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hekima hiyo inatosha kwa kukaa macho, lakini haitoshi kwa kupitisha hukumu.

Huenda siku moja kisukuku cha kweli kitapatikana ndani ya jiwe kutoka angani. Kikipatikana, kitaulizwa maswali yaleyale waliyoulizwa Claus, Nagy na McKay, na tutaweza kukiamini kwa sababu kitakuwa kimeyajibu.