Nyumba ya Misheni ya Kibwezi na Njia Yake

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei na Kambu, kisha huwasili Kibwezi. Hapo ndipo wamisionari wa Kiskoti, wakiongozwa na Dakta James Stewart, walipojenga makao yao mwaka 1891. Historia ya nyumba hiyo huanzishwa kwa kawaida na mwaka huo. Hata hivyo, ni njia iliyoichagulia nyumba mahali pake, na njia ilikuwa kongwe zaidi.

Tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake, Kivoi, alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa safari hizo. Misafara ilihitaji maji na chakula, na Kibwezi palipatikana vyote viwili. Baadaye Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipasua barabara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka pwani hadi Kibwezi. Kuanzia hapo Kapteni Sclater aliiendeleza hadi Busia.

Lugha nayo yashuhudia mabadiliko hayo. Kiswahili husema njia, na Kikamba nzĩa: ni neno moja la asili ya Kibantu, lililotosha kwa wapagazi waliofuatana mmoja mmoja. Kwa ile pana ya magari, Kiswahili kina neno jingine, barabara.

Nyumba haikudumu. Homa iliwaua wamisionari kadhaa, na mwaka 1898 Thomas Watson aliihamishia misheni Kikuyu. Mwaka uliofuata reli ilifika Nairobi, na zama za misafara katika njia hiyo zikafikia ukingoni.

Majina ya Stewart na Watson yamehifadhiwa katika barua na taarifa. Wapagazi waliobeba mizigo ya wajenzi, na Wakamba waliowauzia chakula, hawakupata mwandishi wa namna hiyo. Habari zao hazina budi kutafutwa katika masimulizi ya wazee na katika majina ya mito, vilima na vituo, kuanzia Kambu hadi Kibwezi. Kazi hiyo yamhitaji mtafiti ajuaye Kikamba. Naye asiyekijua ataandika tena historia ya wageni wa nyumba, na kuwaacha wenyeji wa njia.