Kununua mashine bila ufunguo: Hakimiliki na michezo ya video iliyotiwa chipu

MTU anunuapo mashine ya kuchezea michezo ya video, hupata vitu viwili ambavyo sheria huvitazama kwa macho tofauti. Mashine yenyewe, pamoja na nyaya na padi zake, ni mali yake kama ilivyo redio au cherehani. Mchezo uliomo ndani ya diski, kwa upande mwingine, ni kazi ya ubunifu, na haki ya kuunakili husalia mikononi mwa aliyeutunga.

Kati ya vitu hivyo viwili, kampuni zinazotengeneza mashine hizo ziliweka kufuli. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, mahakama za mataifa mbalimbali zimelazimika kujibu swali ambalo watunzi wa sheria za kale za hakimiliki hawakulifikiria: je, anayefungua kufuli iliyomo ndani ya mashine aliyoinunua kwa pesa zake amemkosea nani?

Jibu limekuwa likibadilika kulingana na nchi, mwaka na hata maneno machache yaliyotumiwa bungeni.

Kufuli na dawa yake

Mashine ya kwanza ya PlayStation, iliyotengenezwa na kampuni ya Sony, ilianza kuuzwa nchini Japani mnamo Desemba 1994, kisha ikafika Marekani na Ulaya mnamo Septemba 1995. Michezo yake ilitolewa kwenye CD. Diski hizo zilikuwa za bei nafuu kuzitengeneza, lakini zilikuja na hatari yake. Kompyuta zenye uwezo wa kunakili CD zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1990, mtu yeyote angeweza kutoa nakala ya mchezo akiwa nyumbani kwa gharama ya diski tupu.

Ili kujikinga, Sony iliweka alama ya siri katika kila diski halali. Alama hiyo ilichapwa kwa namna ambayo vifaa vya kawaida vya kunakili havikuweza kuiga. Diski ilipotiwa ndani, mashine ilitafuta alama hiyo kwanza. Ilipoikosa, mchezo haukuanza.

Alama hiyo ilikuwa na kazi ya pili. Ilionyesha eneo ambalo diski ilikusudiwa kuuzwa. Kwa sababu hiyo, mchezo halali ulionunuliwa dukani Tokyo haukukubaliwa na mashine iliyouzwa London au Sydney, ingawa mnunuzi alikuwa ameulipia kikamilifu.

Mafundi hawakukawia kupata dawa. Walitengeneza chipu ndogo iliyolehemiwa kwa nyaya chache kwenye ubao wa ndani wa mashine. Kazi yake ilikuwa kutuma alama ya siri kila mashine ilipoitafuta, hata kama diski yenyewe haikuwa nayo. Mashine iliamini kwamba imepata diski halali ya eneo lake, na mchezo ukaanza.

Ugumu wa kisheria unaanzia hapo. Chipu hiyo moja ilimfaa haramia anayeuza nakala sokoni. Ilimfaa pia msafiri aliyerudi na mchezo halali kutoka nchi nyingine, na mzazi aliyeamini kwamba akiba haiozi, akahifadhi diski ya mwanawe kabatini na kumpa nakala aichezee. Chipu haikuweza kuwatofautisha watu hao watatu. Sheria ndiyo iliyotarajiwa kufanya hivyo.

Kesi ya Stevens

Kesi iliyochambua suala hilo kwa kina zaidi ni ile ya Stevens dhidi ya Sony nchini Australia. Stevens, mkazi wa Sydney, alishtakiwa kwa kuuza na kuweka chipu katika mashine za PlayStation. Sony ilitegemea marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya Australia yaliyopitishwa mwaka wa 2000 na kuanza kutumika Machi 2001. Marekebisho hayo yalipiga marufuku uuzaji wa vifaa vya kukwepa mbinu za kiteknolojia zinazolinda kazi zenye hakimiliki.

Hata hivyo, sheria hiyo ilieleza mbinu inayolindwa kuwa ni ile iliyoundwa ili kuzuia au kutatiza uvunjaji wa hakimiliki. Mabishano yote yaligeuka kuwa juu ya maneno hayo.

Mnamo Julai 2002, jaji wa Mahakama ya Shirikisho aliamua kwamba kufuli ya PlayStation haikutimiza masharti hayo. Tume ya serikali inayosimamia ushindani na kulinda wanunuzi ilikuwa imefika mbele yake kama rafiki wa mahakama, ikihofia kwamba kufuli za maeneo zingewanyima wananchi bidhaa halali za bei nafuu kutoka ng’ambo. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2003, jopo la majaji wa mahakama hiyo hiyo lilibatilisha uamuzi huo na kuipa Sony ushindi.

Stevens alikata rufaa katika Mahakama Kuu ya Australia, ambayo nchini humo ndiyo yenye kauli ya mwisho. Oktoba 6, 2005, majaji wote 6 walioisikiliza rufaa hiyo waliamua kwamba Stevens hakuwa amevunja kifungu hicho cha sheria.

Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Hakimiliki huvunjwa wakati diski inaponakiliwa. Kufuli ya PlayStation haikuzuia kunakili. Kompyuta iliweza kutoa nakala bila kizuizi. Kilichozuiwa ni kuichezesha nakala hiyo baadaye, wakati kosa lilikuwa limeshatendeka. Kucheza mchezo, kwa hakika, si kuvunja hakimiliki, kama vile kusoma kitabu kilichochapishwa kiharamia si sawa na kukichapisha.

Sony ilijibu kwamba nakala isiyochezeka haina faida, kwa hivyo kufuli iliwavunja moyo watu wasinakili. Majaji walikataa. Walisema kuwa kumvunja mtu moyo kwa jumla si sawa na kuzuia kitendo kwa njia ya kiufundi kama sheria ilivyotaka.

Kampuni hiyo ilitoa hoja nyingine, kwamba mchezo unapochezwa, sehemu ya programu yake hunakiliwa kwa muda katika kumbukumbu ya mashine. Hoja hiyo nayo ilianguka, kwani sheria ya wakati huo ilihesabu nakala kuwa ni ile iliyo katika umbo ambalo kazi inaweza kutolewa tena kutoka humo.

Nyuma ya uchambuzi huo wa maneno, majaji walikuwa na wasiwasi mkubwa zaidi. Iwapo sheria ya hakimiliki ingesomwa kwa upana uliotakiwa na Sony, mwenye hakimiliki angepata uwezo wa kumwamulia mnunuzi matumizi ya mashine yake, jambo ambalo hakimiliki haikuwahi kumpa.

Bunge labadili kanuni

Ushindi huo haukudumu. Kabla ya hukumu kutolewa, Australia ilikuwa imetia sahihi mkataba wa biashara huria na Marekani mnamo Mei 2004, nao ukaanza kutumika Januari 1, 2005. Mkataba huo uliibana Australia kupanua ulinzi wa kufuli za kidijitali. Bunge lilipitisha marekebisho mwaka wa 2006, na kuanzia hapo sheria ikalinda pia kufuli zinazodhibiti jinsi mtu anavyoifikia kazi, hata kama hazizuii kunakili moja kwa moja.

Hata hivyo, jambo moja liliokolewa. Wabunge waliondoa katika ulinzi huo kufuli za filamu na programu za kompyuta, ikiwemo michezo, zinazogawanya soko kwa maeneo. Kwa njia hiyo, msafiri aliyenunua mchezo halali Tokyo alitenganishwa na haramia, jambo ambalo chipu yenyewe haikuweza kulifanya.

Marekani na Ulaya

Marekani ilichagua njia kali mapema. Sheria yake ya hakimiliki ya enzi ya kidijitali, iliyotiwa sahihi Oktoba 1998, inakataza kukwepa kufuli inayodhibiti kuifikia kazi, na pia kuuza vifaa vya kuikwepa. Mwaka wa 1999, mahakama moja ya California ilizuia uuzaji wa kifaa kilichowezesha michezo ya maeneo mengine kuchezwa katika PlayStation ya Marekani. Huko haikuwa lazima kuthibitisha kwamba diski ilikuwa ya wizi.

Ukali huo umelegezwa kidogo kupitia misamaha inayotolewa na msimamizi wa Maktaba ya Bunge kila baada ya miaka 3. Mnamo Oktoba 2021, kwa mfano, iliruhusiwa kukwepa kufuli ya mashine ya michezo kwa ajili ya kurekebisha sehemu inayosoma diski. Kabla ya hapo, fundi aliyebadilisha sehemu hiyo iliyoharibika angeweza kujikuta matatani.

Wafanyabiashara wakubwa wa vifaa hivyo hawajasazwa. Februari 2022, mahakama ya Seattle ilimhukumu raia wa Kanada kifungo cha miezi 40 gerezani kwa kushiriki katika kundi lililouza vifaa vya kufungulia mashine za Nintendo.

Nchini Uingereza, Mahakama ya Rufaa ilibatilisha mwaka wa 2008 hatia ya muuzaji wa chipu katika kesi ya Higgs, kwa sababu inayofanana na ile ya Australia: upande wa mashtaka ulikuwa umetegemea hoja kwamba chipu huchochea uharamia, bila kuonyesha kwamba kucheza kwenyewe ni kunakili. Waendesha mashtaka walijifunza. Katika kesi ya Gilham mwaka wa 2009, walithibitisha kwamba picha za mchezo hunakiliwa zinapotokea kwenye skrini, na hatia ikadumishwa.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitafuta mizani mnamo Januari 23, 2014, katika kesi ya Nintendo dhidi ya kampuni ya PC Box ya Italia. Ilikubali kwamba kufuli iliyogawanywa, nusu katika mchezo na nusu katika mashine, inaweza kulindwa. Lakini ilizitaka mahakama za nchi wanachama kupima mambo mawili: kama kuna kufuli nyingine ambayo ingemlinda mtunzi bila kuzuia matumizi halali, na kama wanunuzi wa vifaa hivyo kwa kweli huvitumia zaidi kwa uharamia au kwa mengine.

Hali ya Kenya

Suala hili si la mataifa ya mbali pekee. Mashine zilizotiwa chipu na diski za kunakiliwa si jambo geni katika vibanda vya mitaani ambako vijana hulipa kwa kila mchezo.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, inahesabu programu za kompyuta kuwa miongoni mwa kazi za maandishi zinazolindwa. Kifungu cha 35 kinasema kwamba mtu anayekwepa mbinu za kiufundi zilizowekwa kulinda kazi amevunja hakimiliki, sawa na anayetengeneza au kusambaza vifaa vya kuzikwepa. Wakati huo huo, sheria hiyo inamruhusu mwenye programu kihalali kujitolea nakala ya akiba.

Kwa mwenye kibanda, maana yake ni kwamba hatari yake ni maradufu: diski ya kunakiliwa ni kosa moja, na mashine iliyotiwa chipu ili kuichezesha inaweza kuwa jingine. Kwa fundi wa Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kubadilisha padi au waya wa umeme hakugusi hakimiliki hata kidogo, lakini kulehemu chipu kunamwingiza katika kifungu cha 35.

Wala haifai kuwasahau watunzi. Mchezo mmoja huchukua miaka ya kazi ya waandishi wa programu, wachoraji na wanamuziki, na vijana wa Kenya wanaotunga michezo yao wenyewe wanahitaji ulinzi huo huo ambao Sony na Nintendo zinaudai. Nakala inayouzwa mitaani haiwaletei hata senti.

Lakini uzoefu wa Australia unaonyesha kwamba kumlinda mtunzi na kumfunga mnunuzi si jambo moja. Ulinzi wa kifungu cha 35 umeambatanishwa na mbinu zilizowekwa kulinda kazi. Iwapo kufuli inayozuia diski halali ya nchi nyingine inalinda kazi au inalinda bei ya soko, hilo ni swali ambalo wakili wa Nairobi anaweza kulizusha kama lilivyozushwa Sydney. Australia ilihitaji mahakama tatu na bunge kulijibu, na mwishowe ikalijibu kwa sentensi chache katika sheria, zinazosema waziwazi ni kufuli ipi inayolindwa na ipi isiyolindwa.