Masharti ya Udaktari wa Utabibu: Mfano wa Edinburgh

Wanafunzi wanaotaka shahada ya udaktari katika utafiti wa afya huuliza kwanza masharti yake: miaka mingapi, mitihani mingapi, maandishi ya kiasi gani. Maswali hayo ni ya haki. Lakini ni wachache waulizao masharti yenyewe yalitoka wapi, na yaliwekwa kulinda kitu gani. Historia yatufundisha kuwa yako masharti yanayolinda elimu, na yako masharti yasiyolinda ila mlango. Ili kuzitambua aina hizi mbili, tuutazame mji mmoja uliosifika kwa elimu ya utabibu, nao ni Edinburgh, huko Uskoti.

Kitivo cha utabibu cha chuo kikuu hicho kilianzishwa mwaka 1726. Katika karne ile mwanafunzi aliyetaka kuitwa daktari alipaswa kumaliza miaka ya masomo, kisha kuhojiwa na maprofesa kwa lugha ya Kilatini. Alipewa neno moja la Hippocrates, tabibu wa kale wa Uyunani, alifasiri. Tena alipewa habari za wagonjwa azitolee maoni yake. Mwisho aliandika tasnifu, akaipiga chapa kwa gharama yake, akasimama mbele ya watu kuitetea.

Masharti hayo yalikuwa mazito kwa sura, lakini uzito wa sura si uzito wa jambo. Kilatini kilikuwa lugha ya wasomi, wala hakikuwa kipimo cha utabibu. Wako walimu wa pembeni waliolipwa kuwafundisha wanafunzi majibu, na hata kuwatengenezea tasnifu zao kwa lugha ile. Mwenye fedha aliweza kununua Kilatini. Hakuweza kununua ugunduzi.

Ugunduzi ulikuja kwa waliolielewa sharti kwa moyo wake. Joseph Black alitoa tasnifu yake mwaka 1754. Siku zile maprofesa walishindana juu ya maji ya chokaa, dawa iliyotumiwa kuyeyusha vijiwe vya kibofu. Black hakujitia katika ugomvi wa wakubwa wake. Alichukua magnesia nyeupe, akaitia motoni, akaipima kwa mizani kabla na baada, akaona uzito umepungua. Alitambua kuwa kilichopotea ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake, hewa ambayo leo twaiita kabonidioksaidi. Mwaka 1772 Daniel Rutherford, mwanafunzi wake, alieleza katika tasnifu yake hewa nyingine, ambayo baadaye iliitwa naitrojeni. Vijana hawa wawili waliingia mlangoni na kitu mkononi ambacho maprofesa hawakuwa nacho.

Kwingineko katika nchi ile ile mambo yalikuwa mengine. Chuo Kikuu cha St Andrews kilitoa shahada ya utabibu kwa mtu asiyepata kusoma hapo, maadamu alilipa ada na kuleta ushuhuda wa matabibu. Kwa njia hiyo Jean-Paul Marat, ambaye baadaye alivuma katika mapinduzi ya Ufaransa, alipata udaktari wake mwaka 1775. Huenda mtu kama huyo alikuwa na elimu yake. Lakini chuo hakikuipima, na mgonjwa hakuwa na njia ya kujua.

Edinburgh ilikiacha Kilatini mwaka 1833, wanafunzi wakapata ruhusa ya kuandika kwa Kiingereza. Ukumbi haukushuka thamani kwa hilo. Miaka ishirini na sita baadaye aliingia humo Mwafrika.

James Beale Horton alizaliwa mwaka 1835 karibu na Freetown, Sierra Leone, kwa wazazi Waigbo waliookolewa katika biashara ya utumwa. Matabibu wa Kizungu walikuwa wakifa kwa homa katika pwani ya Afrika Magharibi. Kwa hiyo mwaka 1855 serikali ya Uingereza iliwapeleka vijana Waafrika kusomea utabibu. Horton alisoma London, kisha akaenda Edinburgh, na mwaka 1859 akapata udaktari. Alijiongezea jina la Africanus. Tasnifu yake ilihusu hali ya nchi na maradhi ya pwani ya Afrika Magharibi: udongo wake, mvua zake, mimea yake na homa zake. Mtoto wa waliotiwa minyororo aliwafundisha watahini wake habari za nchi yake.

Je, yote aliyoyaamini yalikuwa sahihi? La. Horton, kama matabibu wenzake, alidhani kuwa homa ya malaria hutokana na mvuke mbaya wa mabwawa. Kijidudu cha malaria kilionwa na Laveran mwaka 1880, na kazi ya mbu ikadhihirishwa na Ross mwaka 1897. Lakini tasnifu haidaiwi kuwa kweli ya milele. Inadaiwa kuonyesha njia yake wazi, ili ajaye aweze kuipima, kuithibitisha au kuipindua.

Horton alitimiza kila sharti, akatumikia jeshi la Uingereza kama tabibu kwa muda wa miaka ishirini hivi. Alifariki mwaka 1883. Mwaka 1902 Waingereza waliunda idara moja ya matabibu wa Afrika Magharibi, wakaweka sharti kwamba daktari wake awe wa asili ya Kizungu. Sharti hili halikulinda mgonjwa wala elimu. Lililinda mlango tu, nalo liliwafungia nje watu ambao mitihani ilikwisha kuwafungulia.

Lilibaki sharti moja ambalo Edinburgh ya kale haikulijua: ridhaa ya mtu anayefanyiwa utafiti. Ulimwengu ulilijua kwa uchungu, baada ya ukatili wa matabibu wa Kinazi kufichuliwa mahakamani huko Nuremberg, na hukumu yao kutolewa mwaka 1947. Mwaka 1964 Chama cha Matabibu cha Ulimwengu kilitoa Azimio la Helsinki. Na mwaka 1975 kiliongeza kwamba mpango wa utafiti upitiwe na kamati huru. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa leo, awe Dar es Salaam au Edinburgh, ambaye utafiti wake wagusa miili ya watu, hukabidhi mpango wake ukaguliwe kabla ya kumchoma mtu sindano au kumwuliza swali.

Wako wanaoliona sharti hilo kuwa kero na ucheleweshaji. Na wakumbuke kipimo tulichokipata: sharti linalomtaka mtu alete jambo jipya, alionyeshe wazi, na asimdhuru aliyemsaidia kulipata, hilo ni la elimu. Sharti linalouliza mfuko wake au rangi yake si la elimu, hata likiandikwa kwa Kilatini.