Mkate wa Kiapo na Mashine ya Uongo

Zamani huku pwani, kitu kikiibwa nyumbani na kila mtu akikana, aliitwa mwalimu. Aliusomea mkate, akaumega, kila mtuhumiwa akapewa tonge lake. Asiye na kosa alimeza. Mwizi lilimkwama kooni. Waingereza wa kale, kabla ya Wanormani, nao walikuwa na mkate wao, ulioombewa na padri. Siri ya mikate yote miwili ni moja: mwenye hofu hukaukwa na mate.

Poligrafu, mashine ya kupimia uongo ambayo John Larson, polisi wa Berkeley huko California, aliiunda mwaka 1921, nayo huitafuta hofu; imehama kooni tu. Leo hufungwa mirija ya mpira kifuani na tumboni, mkanda wa kupimia shinikizo la damu mkononi, na vibati vidoleni vya kupimia jasho. Lakini anayeogopa kusingiziwa naye hutoka jasho.

Nani basi alimruhusu mpimaji? Mwalimu hakuwa na cheti. Alikuwa na elimu yake na jina lake mtaani, na akimwonea mtu, kesho watakutana msikitini. Padri alikuwa na Kanisa, na Kanisa likamnyang'anya kazi: Mtaguso wa Laterano wa 1215 ulikataza makasisi kubariki majaribio ya maji na chuma cha moto. Bila padri hakuna jaribio. Kufikia 1219 mahakimu wa Uingereza walikuwa wakitafuta njia nyingine.

Marekani ilifanya kinyume. Mwaka 1923 mahakama ya rufaa ya mji mkuu, Washington, ilikataa kipimo cha uongo cha shinikizo la damu kilichoitangulia mashine hii, ila kuanzia miaka ya 1960 majimbo kadhaa yakawapa waendeshaji wake leseni. Sheria ya shirikisho ya 1988 iliwazuia waajiri wengi wa binafsi kuitumia. Pale inaporuhusu, kipimo kisipungue dakika 90, mpimaji asizidishe vipimo vitano kwa siku, na awe na dhamana ya angalau dola 50,000 au bima ya kiasi hicho. Masharti mazuri, na yote yanamhusu anayemega mkate. Mkate wenyewe haukuguswa. Leseni ya udereva ina maana kwa sababu gari linajulikana kuwa linakwenda; leseni ya mpimaji iliipa mashine heshima ambayo haikuipata maabara.

Jimbo la Texas lilifuta leseni ya wapimaji mwaka 2021. Wapimaji wanaendelea na kazi, na mahakama za jimbo hilo bado hazipokei majibu yao kuwa ushahidi.