Kushuka Ndio Ngoma: Inesha, Milima ya Kigali na Historia ya Kudhibiti Mwendo Barabarani

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna jamii za Rwanda na majirani zake zilivyokabiliana na sifa moja ya maumbile: ukaidi wa kitu kuendelea na hali yake, kiwe kimetulia au kiko mwendoni. Sifa hiyo huitwa inesha. Kwa kupitia usafiri wa kichwani na mabegani, chukudu ya Kivu, malori ya masafa marefu na sheria za barabarani za Nairobi na Kigali, makala inadai kwamba serikali za ukanda huu zimefanikiwa kuagiza vifaa vya kukabili inesha, lakini hazijafanikiwa kuieleza kwa lugha ya wanaovitumia. Inahitimishwa kwamba Kiswahili, ambacho tayari kina istilahi zinazohitajika, kipewe nafasi katika mafunzo ya madereva wa ushoroba unaoihudumia Kigali.

1. Utangulizi

Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Methali hii kwa kawaida hufasiriwa kama onyo kwa mtu anayejiingiza katika jambo asilojua atatokaje. Katika mji wa Kigali inaweza kusomwa kwa maana yake ya wazi kabisa. Mlima Kigali unazidi mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ilhali bonde la mto Nyabarongo chini yake liko chini ya mita 1,400. Kila kinachosafirishwa mjini humo, kuanzia mfuko wa saruji hadi abiria wa pikipiki, ama kinapandishwa au kinateremshwa.

Richard Kandt alipoweka makao ya utawala wa Kijerumani mahali hapo mwaka 1907, mizigo ilikuwa ikisafiri juu ya vichwa na mabega. Wagonjwa na watu wa heshima walibebwa kwa machela iitwayo ingobyi. Mwendo wa usafiri huo ulikuwa mwendo wa miguu, na breki zake zilikuwa magoti ya wachukuzi. Mchukuzi aliyejikwaa aliweza kuumia, lakini hakuwa na kasi ya kutosha kuua watu kumi. Kigali ilipofanywa mji mkuu wa Rwanda huru mwaka 1962, magurudumu na injini vilikuwa vimekwisha kubadili hesabu hiyo. Swali linaloongoza makala hii ni hili: mabadiliko hayo yalipokuja, nani alielezwa sababu ya hatari yake, na kwa lugha gani?

2. Safari ya fikra

Kwa karne nyingi wataalamu walifuata fundisho la Aristotle kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa, na kwamba msukumo ukikoma, mwendo nao hukoma. Fundisho hilo linaafikiana na yale macho huyaona: mkokoteni ukiachwa husimama. Pingamizi mojawapo la mapema lilitoka barani Afrika. Katika karne ya 6, Philoponus wa Iskanderia nchini Misri alihoji vipi mshale uendelee kuruka baada ya kuachana na upinde, akajibu kwamba mrushaji huupatia msukumo unaosafiri nao. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiendeleza hoja hiyo, akasema kwamba msukumo huo haujimalizi wenyewe bali hupunguzwa na vipingamizi. Galileo aliichunguza kwa kuviringisha tufe kwenye mbao zilizoinamishwa, na mwaka 1687 Isaac Newton akaiweka kuwa kanuni ya kwanza ya mwendo.

Kwa Kiswahili kanuni hiyo inaweza kuelezwa hivi: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kilicho mwendoni huendelea kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikilazimishe kubadilika. Mkokoteni hausimami kwa kuchoka. Husimamishwa na msuguano. Kadiri tungamo la kitu linavyokuwa kubwa, ndivyo inesha yake inavyokuwa kubwa, na ndivyo kani kubwa zaidi inavyohitajika kukianzisha au kukizuia.

3. Maarifa ya mikono: chukudu

Wako watu wa ukanda huu ambao hawakuhitaji kitabu kulijua hilo. Katika mji wa Goma na vilima vya Kivu ya Kaskazini, tangu miaka ya 1970, wakulima na wachukuzi wamekuwa wakitumia chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, usukani na ubao mrefu wa kupakia mizigo. Kaskazini mwa Rwanda chombo cha jamii hiyo hujulikana kama igicugutu. Hakina injini wala pedali. Kupanda, husukumwa. Kuteremka, mwendeshaji hupiga goti ubaoni na kuiachia kani ya uvutano ifanye kazi.

Ufundi wa chukudu umo katika kushuka. Breki yake ni kipande cha mpira wa tairi kilichofungwa karibu na gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikandamiza kwa mguu. Mzigo wa viazi, kabichi au mkaa unaweza kuzidi uzito wa mwendeshaji mara kadhaa. Kwa hiyo hakubali kasi ijijenge kwanza ndipo aikabili, bali huanza kukandamiza mpira mapema, mteremko unapoanza. Hupanga mizigo chini na kuifunga imara, kwa sababu mzigo uliolegea huendelea na safari yake hata chombo kikisimama. Hayo ni matumizi kamili ya kanuni ya inesha. Mwaka 2009 mji wa Goma ulizindua sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu katika mzunguko wa barabara. Heshima hiyo kwa kawaida hufahamika kuwa ni ya jasho la mchukuzi. Ingefaa pia ifahamike kuwa ni ya elimu yake.

4. Lori na mteremko

Elimu hiyo haikuhamia yenyewe katika malori. Rwanda haina pwani. Bidhaa zake nyingi huingia kwa barabara kutoka bandari za Dar es Salaam, kupitia Rusumo, na Mombasa, kupitia Uganda. Safari hizo huzidi kilomita 1,400, na sehemu yake ya mwisho ndiyo yenye milima mingi. Dereva anayetoka Tanzania hubadili pia upande wa barabara, kwa kuwa Tanzania huendesha kushoto na Rwanda kulia.

Tuchukue lori lenye tungamo la tani 30 linaloteremka kwa mwendo usiobadilika kutoka kilimani hadi bondeni, tofauti ya kimo ikiwa mita 100. Nishati inayotolewa na kani ya uvutano katika mteremko huo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji baridi. Nishati hiyo haipotei. Dereva akitumia gia ndogo, sehemu kubwa hupokewa na injini. Akitegemea breki pekee, yote huwa joto katika ngoma na pedi zake, na breki zilizopata joto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Hapo ndipo dereva hukanyaga na lori lisisikie. Katika mazungumzo ya kawaida ajali ya aina hiyo husimuliwa kwa maneno mawili: "breki zilifeli." Maneno hayo huieleza dakika ya mwisho na kuificha ile ya kwanza, pale gia ilipochaguliwa juu ya kilima.

5. Amri za dola

Serikali za ukanda huu zilijibu kwa sheria. Nchini Kenya, kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na Waziri wa Uchukuzi John Michuki, na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ziliyalazimu matatu kufunga vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, pamoja na mkanda kwa kila abiria. Nchini Rwanda, kofia ngumu kwa dereva na abiria wa pikipiki imesimamiwa kwa ukali tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata ikawa sehemu ya sura ya Kigali. Mwaka 2015 amri ya Rais iliagiza vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa katika magari ya usafiri wa umma. Mwaka 2019 Polisi ya Taifa ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani "fika salama".

Misingi ya hatua hizi ni thabiti. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mwendo iliyozidi ile ya kilomita 60 kwa takriban asilimia 78, na umbali wa kulisimamisha kwa breki huongezeka kwa kiwango hichohicho. Abiria wa pikipiki anayekwenda kilomita 60 kwa saa hubeba mwilini mwake kasi ya mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 14. Pikipiki ikigonga kitu na kusimama, yeye hasimami nayo. Kofia ngumu haiondoi kasi hiyo. Tabaka lake la ndani hubonyea na kukipa kichwa sentimita chache za kusimamia badala ya milimita chache. Kofia isiyofungwa kidevuni ina inesha yake, na huweza kuondoka kabla ya kazi hiyo kufanyika.

Hata hivyo, amri ina mpaka. Kidhibiti mwendo hupunguza nguvu ya injini kasi inapofikia kiwango kilichowekwa, lakini hakibani magurudumu. Katika mteremko mkali, anayesukuma gari si injini tena bali ni mlima, na gari lililofungwa kidhibiti linaweza kuzidi kiwango chake. Kwa nchi ya tambarare huo ni udhaifu mdogo. Kwa Kigali ni jambo la msingi: chombo cha sheria huwa na nguvu barabara inapopanda, na hupungukiwa pale hasa inaposhuka. Pengo hilo huzibwa na ujuzi wa dereva peke yake.

6. Lugha ya maelezo

Ujuzi huo ungeelezwa kwa lugha gani? Kazi ya kukisanifisha Kiswahili ilianza rasmi mwaka 1930 kwa kuundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Baada ya uhuru wa Tanganyika, kazi ya istilahi ilichukuliwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 1990 ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Inesha, kani, tungamo, msuguano, mchapuko: maneno yapo. Kilichokosekana ni mahali pa kuyatumia. Fizikia ya sekondari katika nchi zetu kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza au Kifaransa, ilhali madereva na mautingo wengi hawakupita huko. Hivyo neno limebaki kamusini na ujuzi umebaki mikononi, bila kukutana.

Rwanda ina sababu ya pekee ya kuvikutanisha. Kiswahili kilifika nchini humo pamoja na wafanyabiashara na utawala wa Kijerumani, kikadumu katika mitaa kama Biryogo na Nyamirambo, na mwaka 2017 Bunge likakipa hadhi ya lugha rasmi. Hadhi hiyo imejadiliwa zaidi kuhusu shule na ofisi. Mahali ambapo Kiswahili tayari kinafanya kazi bila kushurutishwa ni barabara: ndicho dereva wa Mombasa, karani wa Rusumo na fundi wa Nyamirambo wanachoelewana nacho.

7. Hitimisho

Historia iliyopitiwa inaonyesha utaratibu mmoja unaojirudia: chombo kipya huja, ajali hufuata, amri hutolewa, na maelezo huachwa kwa bahati. Amri zimeokoa maisha na hazipaswi kulegezwa. Lakini dereva anayejua tu kwamba atatozwa faini hujihadhari na askari, na askari hayupo kila kona.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, mamlaka za usafiri za nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ziandae mtaala mfupi wa pamoja, kwa Kiswahili, kuhusu inesha, mteremko na joto la breki, uwe sehemu ya mafunzo ya madereva wa mizigo na abiria. Pili, waandaaji wa istilahi washirikiane na madereva, mafundi na waendesha chukudu, ili neno kama inesha lijaribiwe gerejini kabla ya kuhesabiwa kuwa limekubalika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 vya ajali za barabarani kwa mwaka 2021, na kiwango cha Afrika kwa idadi ya watu ndicho kikubwa kuliko vyote. Mlima hautapunguza mwinuko wake kwa ajili yetu. Tunachoweza kubadili ni kile anachokijua mtu aliyeshika usukani kabla hajaanza kushuka.