Kasi ya usimulizi katika riwaya ya distopia

Maana

Kasi ya usimulizi ni uwiano kati ya muda unaopita ndani ya hadithi na nafasi ya maandishi inayotumika kuusimulia. Miaka 20 ikielezwa kwa sentensi moja, kasi ni kubwa. Dakika moja ikichukua kurasa tatu, kasi ni ndogo. Mwaka 1972 Gérard Genette alibainisha hali nne: muhtasari, onyesho, kituo (maelezo yanayosimamisha matukio) na mruko (muda unaoachwa bila kusimuliwa).

Katika riwaya ya distopia, kasi ni sehemu ya maudhui. Utawala wa kimabavu humiliki pia muda wa raia: saa ya kuamka, ya kula na ya kunyamaza. Msomaji huuhisi umiliki huo kwa mwendo wa sentensi kabla hajaelezwa.

Mbinu zinazoiathiri kasi

*1. Viambishi vya wakati na hali.* Linganisha mifano miwili iliyotungwa kwa ajili ya ingizo hili. Mandhari ni Karagwe ya kubuni:

(a) Kila alfajiri king'ora hulia Kayanga. Hujipanga, huinua mikono, huhesabiwa, hurudi mibunini.

(b) King'ora kikalia. Wakajipanga, wakainua mikono, wakahesabiwa. Mmoja akakosekana.

Katika (a), *hu-* huzikusanya alfajiri zote kuwa moja. Miaka inapita, lakini hakuna kinachotokea. Zaidi ya hayo, *hu-* haipokei kiambishi cha nafsi, hivyo watu wenyewe wamefutika katika vitenzi. Katika (b), *-ka-* husukuma tukio moja baada ya jingine, na nafsi hurejea: *wa-*, kisha *a-*. Yule aliyekosekana ndiye wa kwanza kuwa mtu. Ikumbukwe pia kuwa *hu-* haina ukanushi wake. Mhusika atakayekataa hana budi kujitaja: *Siinui mkono.*

*2. Takriri.* Amri au kaulimbiu inayorudiwa hupunguza kasi, kwa kuwa msomaji hurudishwa pale alipokwisha kupita. Wasomaji wa Kagera wanaojua enanga, tendi zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi na zilizotafitiwa na M. M. Mulokozi, wanaujua uzito wa maneno yanayorudiwa. Tofauti ni kwamba takriri ya mtambaji huwaalika wasikilizaji, ilhali takriri ya dola katika distopia huwanyamazisha.

*3. Kisengere mbele na jazanda.* Kisengere mbele hudokeza mwisho mapema. Taharuki haipotei, ila swali hubadilika: badala ya kuuliza *nini kitatokea?*, msomaji huuliza *kitatokeaje?* Karagwe na Kyerwa kuna neno linaloweza kubeba jazanda hiyo: *butura*, yaani kuuza kahawa ikingali mtini. Riwaya ambayo dola yake hununua miaka ya watoto kwa butura imekwisha kuutaja mwisho wake katika sura ya kwanza. Kila mavuno yanayofuata husomwa polepole, kama deni.

*4. Matini ndani ya matini.* Katika *Nineteen Eighty-Four* (1949), George Orwell anasimamisha matukio ili mhusika mkuu asome kurasa nyingi za kitabu kilichopigwa marufuku. Kukamatwa kwake kunafuata mara tu baada ya hapo. Kituo kirefu humlegeza msomaji, na pigo humkuta hajajiandaa.

*5. Mruko.* Katika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), Euphrase Kezilahabi aliuvunja mfuatano wa kawaida wa matukio. Ndoto, safari na mazungumzo hupokezana bila vipimo vya wazi vya muda. Riwaya hizi ni fupi, lakini hazisomeki haraka. Ufupi wa kitabu na kasi ya usimulizi ni mambo mawili tofauti.

Kwa wafasiri

Sentensi ndefu isikatwe kwa sababu ya urefu tu. Ikiwa mhusika anasubiri ukaguzi kivukoni Murongo, na sentensi inamsubirisha msomaji pamoja naye, kuigawa mara nne ni kumvusha mto kabla ya zamu yake. Vilevile, mazoea ya utumwa yaliyofasiriwa kwa *-li-* (*walijipanga*) husomeka kama tukio la siku moja. *Hu-* au *walikuwa wakijipanga* hurejesha uzito wake.

Angalizo la matumizi

*Kasi* isichanganywe na *mdundo*, ambao ni mpangilio wa sauti na mkazo, wala na *taharuki*, ambayo ni shauku ya kujua yatakayofuata. Onyesho la polepole mno laweza kuwa na taharuki kubwa kuliko msako wa mbio. Mwanafunzi anayeandika kuwa "riwaya ina kasi" hajasema kitu bado. Ataje ni wapi kasi inabadilika, kwa mbinu gani, na nani ndani ya hadithi anayenufaika na mabadiliko hayo.

Linganisha: kisengere nyuma, mbinu rejeshi, muhtasari, takriri, taharuki.