Kunuka na Kunukia: Juu ya Istilahi za Anosmia na Parosmia

Mama mmoja wa Mbalibali, mkoani Mara, katika pande zile ambamo Mto Mara hupita baina ya nchi ya Tarime na nchi ya Serengeti, alinieleza maradhi yake kwa maneno machache ambayo tangu siku hiyo sijaacha kuyatafakari. Nilikuwa nimemwamkia kama ilivyo ada, naye baada ya kuniitikia marahaba akanisogezea kikombe cha kahawa, akajitenga nacho hatua tatu nne, akasema: "Kunywa wewe, mwanangu; kwangu mimi kahawa hii zamani ilikuwa ikinukia, sasa yanuka." Aliugua mafua mazito yenye homa, homa ikamtoka, akakaa majuma kadhaa asisikie harufu ya kitu chochote, si moshi wa kuni wala maziwa yaliyochacha, kisha harufu zikaanza kumrejea, walakini hazikurejea zile zile. Kahawa ikamjia kama mpira unaoungua, kitunguu kikikaangwa kikamtia kichefuchefu, na nyama ya kuchoma, ambayo katika nchi ya wafugaji kama ile ni heshima ya mgeni, ikawa haimpiti kooni. Alipokwenda zahanati aliambiwa kwamba "amepoteza harufu", akarudi nyumbani na huzuni ya mtu aliyesikilizwa asifahamike, maana kwa wakati huo harufu alikuwa nazo tele, tena za karaha.

Matabibu wa dunia wana majina mawili kwa hali hizi mbili, na yote mawili yametoka katika Kiyunani. Anosmia ni hali ya mtu asiyesikia harufu kabisa, na neno lenyewe maana yake ni kukosa harufu. Parosmia ni harufu iliyokwenda kando, iliyoacha njia yake, hata kitu kizuri kikamfikia mtu kwa sura mbaya. Iko na ya tatu, ya mtu kusikia harufu ya kitu kisichokuwapo, lakini hiyo sitaikawilia hapa. Hali hizi hazikuzaliwa na korona, kwani mafua ya kawaida na homa ya mafua makali yamekuwa yakiziacha nyuma yake tangu zamani. Ila ni korona iliyozifanya zijulikane hata vijijini.

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, mjini Arusha, na miezi miwili baadaye, tarehe 18 Mei, Uingereza ilikutia kutosikia harufu katika orodha rasmi ya dalili za maradhi hayo. Ugonjwa wenyewe ulipata jina la Kiswahili lililotulia, UVIKO-19, lililokatwa kutoka katika maneno ugonjwa wa virusi vya korona, na likaenea kiasi kwamba hata vyumba vya shule vilivyojengwa kwa fedha za mpango wa kupambana nao vikaitwa madarasa ya UVIKO. Ugonjwa ukawa na jina, dalili yake iliyo ya ajabu kuliko zote ikabaki haina. Na tabibu asiye na neno aghalabu huishika ile hali aliyo na neno lake, akaiandika hiyo badala ya ile aliyoelezwa.

Hebu sasa tuitazame lugha yenyewe, kwa kuwa katika jambo hili Kiswahili si maskini hata kidogo. Mtu wa pwani anayo shombo na vumba kwa samaki, kutuzi kwa jasho la kwapa, uvundo kwa kilichooza, na upande wa pili anayo riha, uturi, manukato na marashi. Lakini hazina kubwa zaidi imo katika mzizi mmoja tu. Kunuka ni kutoa harufu, na kwa mazoea ya lugha ni kutoa harufu mbaya. Ongeza irabu moja, ukapata kunukia, na uvundo umekuwa manukato. Geuza kidogo, ukapata kunusa, tendo la mwenye pua. Yule mama hakusoma kitabu cha tiba, wala hakuwa na haja nacho: alichukua kitenzi cha lugha yake, akakiondolea irabu, na kwa irabu hiyo moja akaieleza parosmia kwa uhakika usiopungua ule wa Kiyunani.

Jambo la pili ni kwamba Mswahili hasemi ameipata harufu wala ameihisi; husema ameisikia. Twasikia sauti, twasikia baridi, twasikia njaa, na harufu kadhalika twaisikia. Kwa sababu hiyo sikubaliani na tafsiri ya "upotevu wa harufu" kwa anosmia. Harufu haikupotea: kahawa ya mashamba ya Tarime yaendelea kunukia jikoni na kila apitaye huisikia, isipokuwa mmoja, kilichopotea ni usikivu wake. Mimi ningesema uziwi wa harufu. Wako watakaopinga kwamba kiziwi ni wa masikio, nami nawajibu kwamba wangalikuwa na haki laiti kitenzi kusikia kingalikuwa cha masikio peke yake.

Kwa parosmia, wengi wangependa "upotofu wa harufu", nami nilivutwa nalo kwa muda, maana kupotea na kupotoka ni ndugu. Lakini upotofu umekaa mno na dhambi katika mahubiri, na mgonjwa asijepewa jina linalonuka hukumu. Bora tutoe nomino moja kwa moja katika kitenzi kupotoka, kama tulivyopata mteguko katika kuteguka na mpasuko katika kupasuka, tuseme mpotoko wa harufu. Kilichoteguka hakikukatika, kipo, ila hakiko mahali pake.

Na kwamba majina haya mawili yastahili kutengwa, mwili wenyewe watoa ithibati. Juu kabisa ndani ya pua, chini ya ubongo, kuna kipande kidogo cha ngozi laini chenye mamilioni ya seli za neva, na kila seli hubeba aina moja ya vipokezi kati ya aina zipatazo 400 alizo nazo binadamu. Siri ya vipokezi hivyo ilifumbuliwa mwaka 1991 na Linda Buck na Richard Axel, wakatunukiwa Nobel mwaka 2004. Virusi vya korona haviziingii seli hizo za neva. Vyaziingia zile zinazozitegemeza na kuzilisha, nazo zikianguka, za neva hulemaa pamoja nazo. Hapo ndipo uziwi. Kisha seli mpya huzaliwa, kwa rehema ambayo neva nyingi za mwili hazikujaliwa, na kila moja sharti ipeleke uzi wake ubongoni, mahali pale pale pa aina yake. Nyuzi zikirudi chache, au zikashika njia isiyo yake, ubongo husomewa barua iliyokosa nusu ya herufi zake, na hapo ndipo mpotoko. Jane Parker na wenzake wa Reading, Uingereza, walionyesha kwamba katika kahawa iliyokaangwa kuna chembe chache zenye salfa, kali mno hata kwa kiasi kidogo, ambazo aghalabu ndizo zinazowachukiza wagonjwa hawa. Basi mpotoko mara nyingi ni dalili ya neva zinazojaribu kupona, na mgonjwa aambiwapo amepoteza hunyimwa habari hiyo njema.

Kuhusu tiba, watu wengi walijifukiza kwa majani ya mkaratusi, na mvuke huenda ukazibua pua iliyoziba, bali hauungi neva, tena umewaunguza wengine. Mwaka 2009 Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, alieleza zoezi jepesi zaidi: kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa majuma 12, polepole na kwa makini, huku mtu akiikumbuka kila harufu ilivyokuwa. Wapo waliofaidika nalo na wapo ambao halikuwafaa, na muda ni mrefu. Lakini tazama vitu vyenyewe: mkaratusi uko kando ya barabara, limau liko sokoni, waridi limo katika marashi, na karafuu ni ya Pemba.

Yule mama nilimpelekea karafuu katika kikaratasi. Niliporudi baada ya miezi miwili, alikuwa amezifunga katika pindo la khanga, akazifungua mbele yangu, akanusa, akanyamaza kitambo. "Hizi," akasema, "zimeanza kunukia kwa mbali. Kahawa bado yanuka, lakini si kama jana."